Gardien Avalishwe Nini?

Pale Kikula, mjini Likasi, ukitoka sokoni ukaelekea upande wa barabara ya Kamatanda, kuna kibanda cha kuchajia simu, na mbele yake kuna benchi ambalo miguu yake ni vipande vya reli. Hapo ndipo Mama Berthe anapouza kahawa na mikate tangu asubuhi mpaka birika liishe, na birika likiisha kijiwe kimefungwa, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Ana sheria moja tu: vikombe vyake vya bati havitoki kijiweni. Kuna mkubwa mmoja wa ofisi aliwahi kutuma mtu apelekewe kahawa mezani, akajibiwa kwamba kama ana kiu, miguu anayo. Basi ndio mahali penyewe. Watu wanakuja kunywa, wanakuja kubishana, na tangu pompe, ile pampu ya maji ya mtaa, iungue mwezi uliopita, wanakuja pia kulalamikia maji.

Siku hiyo Déogratias alifika na kompyuta yake kwapani, uso umekunjamana, akakaa bila kusalimia vizuri. Kijiweni hakuna anayemwita Déogratias. Anaitwa Balise, na jina hilo amejitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Kazi yake ni kuandika vitabu vya kuwaelekeza watu namna ya kutumia kompyuta za kazini, na katika kazi hiyo huandiki neno likaachwa hivi hivi. Kila neno la maana unalifunga kibandiko kinachosema lenyewe ni kitu gani: hili ni jina la faili, hili ni la kubonyeza, hii ni amri ya kuandikwa. Kibandiko hicho ndicho balise. Msomaji hakioni. Anachokiona ni nguo tu, kwa sababu mashine ya kuchapa inalivalisha kila neno kulingana na balise yake. Balise alikwisha kuwaeleza hayo watu wa benchi mara nyingi kiasi kwamba hata Mama Berthe, akipanga mikate, husema huu ni balise ya jana na huu ni balise ya leo.

Kilichomkunja uso ni kitabu cha pompe. Ushirika wa maji wa mtaa una kisima kirefu, tanki, na kompyuta inayoviendesha, na Balise ndiye aliyeandika kitabu chake. Sasa rais wa ushirika alitaka toleo jipya, lililonyooka, kabla ya jioni, kwa sababu jioni hiyo hiyo Bibiane, mfanyakazi mpya, angeingia chumba cha pompe peke yake kwa mara ya kwanza. Pompe kubwa imekwisha kuungua. Imebaki ya akiba, ndogo, nayo ikifuata, mtaa mzima pamoja na nyumba ya kujifungulia ya masista watarudi kuchota kwenye visima vya matope. Bibiane naye alikaa nyumbani miaka bila kazi. Akikosea, atafukuzwa kama alivyofukuzwa yule aliyemtangulia.

Na aliyemtangulia, jamani, alikuwa Théodore, mtoto wa mzee Stanislas, na mzee Stanislas alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Ushirika ulisema Théodore alizembea. Tangu siku hiyo baba na mwana wanaishi nyumba moja lakini hawali meza moja. Mzee anakula bukari, ugali wake, barazani, kijana anakula jikoni. Jina la Théodore halitajwi kijiweni. Mtu akiteleza akakaribia kulitaja, anakohoa na kuuliza habari za mvua.

Balise akafungua kompyuta akawaeleza shida yake, na pengine hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku hiyo. Kwenye kitabu kuna jina moja linalorudi kila ukurasa, gardien, yaani mlinzi. Katika toleo la zamani alilifunga balise ya amri, likatoka kwa herufi nyeusi nene ndani ya kijisanduku cha kijivu, linapendeza macho. Mahali pengine alisahau, likatoka jembamba kama neno la kawaida. Rais alitaka balise moja tu, ile ile mwanzo mpaka mwisho. Sasa achague ipi?

— Huyu gardien ni nini? Joachim aliuliza. Ni muntu ao ni mashini?

— Ni service, papa. Ni programu yenye inakaa mu nyuma ya ordi, kompyuta ile, hauione. Inaangalia tanki. Maji ikishuka, inaambia pompe itumike. Tanki ikijaa, inaambia pompe isimame. Courant ikikatika inalala, courant ikirudia inaamuka yenyewe.

Joachim ndiye anayeitwa Délestage. Alitumika maisha yake yote kwenye nyaya za umeme zinazotoka bwawa la Koni, na jina amelipata kwa sababu anakata maneno ya watu bila taarifa, kama umeme wenyewe unavyokatika. Alinywa funda moja akatoa hukumu: kitu kisichoonekana hakivalishwi nguo. Je, Balise aliwahi kuona mtu amepaka umeme rangi? Balise akasema jina lazima liandikwe, la sivyo mfanyakazi atajuaje. Joachim akakubali, lakini akasema basi liandikwe jekundu na fuvu la kichwa pembeni, kama kwenye nguzo za umeme za Mwadingusha, kwa sababu vitu vinavyotumika bila kuonekana ndivyo vinavyoua.

Mzee Stanislas akacheka kwa pua. Yeye ni Syndicat. Zamani alikuwa mjumbe wa wafanyakazi kiwandani, na mpaka leo hawezi kukuomba chumvi bila kukukumbusha haki zako.

— Unaona ni kitu gani mu ile service, mwana Balise? Minye naona mutumikaji. Anaamuka, anatumika, hakuna mwenye kumuona, hakuna mwenye kumushukuru. Ile ni mutumikaji, kabisa.

Kutoka hapo akapanda ngazi. Kama ni mtumishi, balise yake iseme ni mtumishi, iwe na namba ya kazi na daraja. Joachim akauliza kama itapewa likizo. Stanislas akasema umeme ukikatika si inalala, hiyo ndiyo likizo yenyewe, na tena ni likizo bila malipo, jambo ambalo yeye angelipinga mbele ya mkurugenzi. Joachim akamjibu kwamba huko si kulala, huko ni kufa: service inakufa na Koni na inafufuka na Koni, kwa hiyo haki yake ni msalaba mdogo mbele ya jina, unaowekwa giza likiingia na kuondolewa taa zikiwaka. Stanislas akataka kujua nani atakuwa anazunguka mtaa mzima kuondoa misalaba vitabuni, kwa kuwa umeme wa Likasi unaweza kufa na kufufuka hata kabla chai haijachemka. Mama Berthe, bila kugeuka, akasema yeye anataka maji tu, wakimvalisha gardien suti au kaniki ni shauri yao.

Balise alikuwa anacheka lakini saa ilikuwa inamsukuma. Kwenye orodha yake kulikuwa na balise tatu zinazofaa: ya amri, ya programu, na moja iliyoitwa service tu, ambayo hajawahi kuitumia kwa sababu inatoa herufi za kulala, nyembamba, hazina kijisanduku, na yeye aliziona kama zimekosa chakula. Akasema moyo wake uko kwenye amri. Ni nyeusi, inasomeka hata kwa mwanga wa kandili.

Stanislas akapiga paja.

— Sikiliza minye. Ku kazi yetu, chef wa équipe alikuwa anasimama kule juu pa ngazi. Hakuwa anasema, fulani, tafazali, enda uangalie pompe. Alikuwa anaita poste tu. Pompe. Na mwenye iko pa pompe ile siku anakimbia. Jina ya poste njo amri yenyewe. Ukiita, umeagiza.

Hilo halikuwa na ubishi, kwa sababu Likasi nzima imelelewa hivyo. Joachim mwenyewe aliitwa Nguzo miaka yote ya kazi na alikimbia kila alipoitwa. Baba yake Balise, aliyeletwa kutoka Kasai na kampuni akiwa kijana, aliitwa Four, yaani tanuru, mpaka siku ya kustaafu, na siku ya pili yake Four alikuwa mtu mwingine. Mpaka nyumbani mambo ni hayo hayo; watoto wakisikia baba anaita Maji, hawaulizi maji yamefanya nini. Stanislas akasema kama kuna mwenye shaka atazame, kisha akaita tu, kwa sauti ya msimamizi, chef wa équipe:

— Kawa.

Mama Berthe, mgongo umewaelekea, macho kwenye mikate yake, akanyoosha mkono wenye birika nyuma yake akajaza kikombe cha mzee. Hakumwaga hata tone, kazi ya miaka hiyo. Benchi likacheka, na Joachim akasema haya, msalaba wake anaurudisha kaburini, mzee ameshinda.

— Tia amri, Stanislas akasema. Muntu wa pompe akiona lile jina nyeusi, aliite. Gardien atakuja.

Balise akaona hapo sasa amepata. Lilikuwa ndilo wazo lake mwenyewe tangu mwanzo, bila yeye kujua lilikotoka: aliandika gardien kwa nguo ya amri kwa sababu kwao jina la kazi ni amri. Akaanza kupita ukurasa baada ya ukurasa, pale lilipokuwa jembamba analivalisha nyeusi, moyo umetulia. Mzee Stanislas alikiweka kikombe chake kilichojaa kando yake pale benchini, hakukigusa, kwa sababu alikuwa ameanza kusimulia mgomo wa zamani, na mgomo ule haunyweki haraka.

Katika simulizi lake mzee alikuwa bado getini pa kiwanda na wenzake, Bibiane alipofika. Amevaa viatu vya kazini vipya, ndala zake ziko kwenye mfuko wa plastiki, na toleo la zamani la kitabu amelishika kifuani. Alipiga goti kidogo akawasalimia wazee, jambo yenu ba papa, jambo mama, wakamkaribisha. Mama Berthe akammiminia kahawa bila kuulizwa, naye akainywa yote akiwa amesimama. Bibiane akasema hatakaa, anapita tu kumuona yaya Déo, ndivyo anavyomwita Balise kama kaka mkubwa, kwa sababu amesoma kitabu chote nyumbani na kuna mahali pamoja panamsumbua.

Joachim akamwambia amekuja wakati mzuri, shida zote zimeisha sasa hivi, jina la gardien litakuwa jeusi kitabu kizima.

— Njo pale panaponisumbua, Bibiane akasema.

Akafungua ukurasa wa kwanza akauonyesha kwa kidole. Umeandikwa, na Balise alikumbuka vizuri siku aliyouandika: kila kilicho cheusi ndani ya kijivu, kiandike kwenye kompyuta kama kilivyo, kisha bonyeza. Akafungua mbele kidogo. Hapo paliandikwa: umeme ukirudi, gardien inaamka yenyewe. Na gardien ilikuwa nyeusi, ndani ya kijivu.

— Sasa, yaya, courant ikirudia, minye ninaandika gardien, juu iko nyeusi. Ile ni kumuita. Lakini kitabu inasema amekwisha kuamuka, iko ndani anatumika. Kama iko ndani, na minye namuita, ni nani atakuja?

Joachim alimtazama Stanislas, Stanislas alimtazama Balise, na Balise alitazama kompyuta kana kwamba swali halikuwa lake. Ni swali dogo, mtoto angeweza kuliuliza. Katika benchi zima hapakuwa na mtu aliyewahi kujiuliza, kwa sababu kiwandani ukiita Pompe, yule wa pompe ni mmoja, anakuja au haji. Joachim, ambaye kimya humkera kuliko giza, akaita kwa mazoea tu:

— Kawa.

Mkono wa Mama Berthe ukaja nyuma na birika. Kikombe cha Joachim kilikuwa mkononi mwake, kimejaa mpaka ukingoni. Kahawa ikamiminika juu ya kahawa, ikafurika, ikamshukia kwenye suruali mpaka kwenye soksi, na aliporuka, birika lilikuwa limekwisha kutoa la mwisho lililokuwemo.

Hakuna aliyecheka. Balise alikuwa anatazama ile kahawa inavyotambaa chini ya benchi.

— Wa pili, akasema. Ukimuita na iko ndani, atakuja wa pili.

Bibiane akauliza wa pili atafanya nini. Balise akamweleza polepole, kwa sababu na yeye alikuwa anajieleza. Watakuwa wawili juu ya pompe moja, na hakuna anayejua kuwa mwenzake yupo. Mmoja ataona maji yameshuka, atasema tumika. Mwingine atakuwa amesoma tanki kabla kidogo au baada kidogo, atasema simama. Tumika, simama, tumika, simama, hivyo hivyo bila kupumzika.

— Mpaka iungue, Joachim akasema, fundi wa umeme akizungumza ndani yake. Motere haiwezi kuvumilia ile.

Kisha akakumbuka amekaa na nani, akakohoa, lakini safari hii hakuuliza habari za mvua. Mzee Stanislas alikuwa ameweka mikono miwili juu ya magoti. Sauti ya chef wa équipe ilikuwa imemtoka.

— Mutoto aliniambia, akasema. Ile siku yenye bamemufukuza, aliniambia, papa, niliandika yenye kitabu ilisema. Nikamuambia anyamaze. Nikamuambia muntu wa kazi hasingizie kitabu.

Aibu ilimpanda Balise mpaka masikioni. Aliona wazi kila kitu: Théodore peke yake kwenye chumba cha pompe, umeme unarudi, kitabu mkononi, herufi nyeusi nzuri zinazosomeka hata kwa kandili, naye anatii. Alifanya kama ambavyo angefanya mtu yeyote wa Likasi aliyelelewa vizuri. Aliita.

— Nisamehe, papa Stani.

— Haiko kwangu, mzee akasema. Fanya kwanza ya huyu binti, saa yake inafika.

Balise akarudi mwanzo wa kitabu. Alitoa balise ya amri kila mahali palipo na gardien, akaweka ile iliyoitwa service, ile aliyoidharau. Ukurasa baada ya ukurasa kijivu kikaondoka na jina likalala upande, jembamba, la kusomwa tu. Kisha akaongeza mistari ambayo haikuwepo: gardien haiitwi kwa jina, uliza kwanza kama iko, kama haiko, ndipo uiamshe kwa maneno haya. Na maneno hayo peke yake, yale ya kuuliza na yale ya kuamsha, akayavalisha nyeusi. Akampa Bibiane kompyuta asome. Bibiane akasoma kwa midomo, kidole kikifuata mstari, akauliza mara moja tu kuhusu neno moja, kisha akasema sasa ameelewa wapi anaandika na wapi anasoma.

Ikabaki karatasi ya mwisho. Vitabu vya aina hii vina desturi: nyuma kabisa, mwandishi anasema toleo hili limebadilisha nini. Watu hawaisomi, isipokuwa wakubwa. Balise aliandika haraka, akawa anataka kufunga.

— Umeandika nini pale? Stanislas akauliza.

— Marekebisho ya mwonekano wa majina.

Mzee alimtazama tu, na si kwa hasira, jambo ambalo lilikuwa zito zaidi. Balise alijua mwonekano si uongo. Alijua pia kwamba rais wa ushirika ndiye aliyetia sahihi kumfukuza Théodore, na kwamba mwandishi anayejitaja kwa makosa hapewi kitabu kingine cha kuandika. Aliogopa, na hakuna haja ya kulificha hilo. Alikaa na ile hofu kidogo, akiwa ameweka vidole juu ya herufi, mpaka Bibiane akabadilisha mguu wa kusimamia kwenye viatu vyake vipya.

Akafuta. Akaandika upya, kisha akawasomea:

— Katika toleo la zamani, jina la gardien lilivalishwa kama amri ya kuandikwa. Mfanyakazi aliyefuata kitabu aliamsha gardien ya pili, na pompe ikaungua. Kosa lilikuwa la kitabu. Halikuwa la mfanyakazi.

— Soma tena, Stanislas akasema.

Akasoma tena. Kisha akatuma, kwa rais na kwa wanachama wote wa ushirika, na simu ya Bibiane ikalia mfukoni kwa kuwa na yeye alikuwa kwenye orodha. Bibiane akawaaga wazee, akapiga goti tena kidogo, akaenda kazini kwa hatua ndefu. Joachim alikuwa anakamua suruali yake na kwa mara ya kwanza tangu afahamike kijiweni hakuwa na wazo lolote.

Mama Berthe akaligeuza birika juu chini kuwaonyesha kwamba kahawa imekwisha, yaani waende zao. Watu wakaanza kuinuka. Kahawa iliyobaki kijiweni ilikuwa kile kikombe cha mzee Stanislas, kimejaa, hakijaguswa, kimeanza kupoa. Mzee alikiangalia. Akakifunika kwa kiganja ili vumbi lisiingie, akasimama nacho, akaanza kutembea kuelekea kwake, polepole, kwa kuwa alikuwa hataki kimwagike.

— Papa Stani, Joachim akamwita, kikombe ya Mama Berthe uko unaenda nayo wapi?

Mzee hakugeuka. Mama Berthe alikuwa anafuta meza yake, na aliendelea kuifuta.

— Umuache, akasema. Théodore atakirudisha.